Kukabwa usiku: sala ya mtu anayetaka kulala

Anayekwenda kwa mchungaji na shida hii huwa hana maneno mengi: "Nakabwa usiku." Ameamka lakini mwili hausogei. Kifuani kuna uzito kama wa gunia la mchele, pembeni ya kitanda kuna kitu kimesimama, na akitaka kuita jina la Yesu ulimi hauinuki. Akija kuachiwa na kutazama simu, ni saa tisa usiku. Kinachofuata katika makanisa mengi ya hapa Dar kinajulikana. Anawekewa mikono, anaambiwa saa tisa ni saa ya wachawi, kisha anapewa zoezi: aamke kila siku saa tisa, siku 21 mfululizo, avunje maagano. Wiki ya pili anakabwa kuliko mwanzo.

Kuzidi huko kuna sababu ya kawaida kabisa, na kila anayeombea watu angepaswa kuijua.

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ndani ya kila mzunguko kuna kipande cha ndoto. Katika kipande hicho ubongo huifunga misuli ya mwili ili usiigize unachoota, usije ukampiga teke mwenzako. Macho yanaendelea kucheza, moyo unapiga, na ule msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu unafanya kazi yake. Mengine yote yamelegea. Sasa ikitokea akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa, hilo ndilo jinamizi. Unajaribu kuvuta pumzi ndefu, misuli ya kifua haiitikii, unahisi umekaliwa. Ndoto nayo bado haijaisha, inaendelea macho yakiwa wazi: chandarua kinachopeperushwa na feni kinakuwa mtu mwenye kanzu, koti lililotundikwa msumarini nyuma ya mlango linapata kichwa. Na ulimi ni msuli kama mingine. Jina la Yesu halijashindwa na lolote pale. Mdomo tu ndio umelala. Hali hiyo hudumu sekunde chache, mara nyingine dakika moja au mbili, na yenyewe haiui.

Kwa nini saa tisa? Vipande vya ndoto hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Aliyelala saa tano, ikifika saa tisa yuko kwenye sehemu ya usiku yenye ndoto nyingi. Kinacholiongeza jinamizi pia kinafahamika: kukosa usingizi wa kutosha, ratiba inayorukaruka (walinzi, manesi wa shifti, madereva wa usiku), msongo wa mawazo, na kulala chali. Lirudie lile zoezi la siku 21 ukiwa na orodha hiyo mkononi, utaona tumempa mgonjwa ugonjwa wake kwa dozi ya kila usiku.

Wenzetu wa Unguja na Pemba wanaikumbuka 1995, mwaka wa popobawa, lile zimwi lililosemwa kuwavamia watu usiku, watu walipolala nje kwa makundi wakikesha moto. Anayesubiri kukabwa halali vizuri, na asiyelala vizuri ndiye hukabwa.

Najua swali linalokuja: je, ndiyo kusema hakuna Shetani? Sijasema hivyo, na Waefeso 6, inayosema tunashindana na pepo wabaya, iko palepale. Ninachosema ni kwamba Biblia, inapofika kwenye usiku, haimpi mwamini kazi ya ulinzi. Zaburi ya 121 inasema mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali; kama yeye yuko macho, zamu yako ni ya nini? Daudi anakimbizwa na mwanawe Absalomu, na katika Zaburi ya 3 anasema alijilaza, akalala usingizi, akaamka. Yesu analala kwenye shetri, nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto wa kulalia, dhoruba ikikijaza chombo maji. Petro, usiku wa kuamkia siku ya kutolewa na Herode mbele ya watu ili ahukumiwe, amelala katikati ya askari wawili na minyororo miwili, tena usingizi mzito hata malaika inambidi ampige ubavuni ndipo aamke. Daudi na Petro walikuwa na adui wa kweli, mwenye jina na silaha.

Basi sala ya usiku ni sala ya kukabidhi. Wabenedikto, ambao walifika Pugu mwaka 1888, kwa kanuni ya mwanzilishi wao husali zaburi tatu zilezile kila usiku kabla ya kulala: ya 4, ya 91 na ya 134. Walutheri wanayo sala ya jioni katika Katekisimo Ndogo ya 1529, na wengi walioikariri kipaimara wameusahau mwisho wake. Luther anaagiza ishara ya msalaba, Imani, Baba Yetu, sala fupi ya kuiweka roho na mwili mikononi mwa Mungu, kisha ulale mara moja kwa moyo mchangamfu. Kulala kumeandikwa kama sehemu ya ibada.

Ukitaka kuifanya nyumbani, dakika 15 zinatosha, na ni vizuri uifanye ukiwa umeketi, si kitandani. Chukua karatasi, andika kila hofu mstari mmoja, kwa jina lake halisi. Usiandike "maisha magumu". Andika "kodi ya miezi sita, inaisha tarehe 30", "majibu ya kipimo Jumatatu", "mama mwenye nyumba hajibu salamu". Ndiyo maana ya Wafilipi 4:6: haja zijulikane, na haja isiyo na jina haijulikani hata kwako mwenyewe. Mbele ya kila mstari andika jambo moja utakalofanya kesho, au kama hakuna, andika "si langu". Ikunje, iweke ndani ya Biblia. Soma Zaburi ya 4 kwa sauti ya kawaida. Ina aya nane, haifiki dakika mbili. Aya ya mwisho isome mara ya pili, ile ya kujilaza kwa amani. Baba Yetu. Zima taa, lala kwa ubavu. Kama huwa unageuka chali usingizini, weka mto mgongoni.

Makosa yanayoiharibu sala hii ni mawili hasa. La kwanza ni kukemea saa nzima kabla ya kulala. Sauti ya juu na kupiga hatua chumbani huupandisha moyo, na mwili uliopandishwa hivyo unahitaji muda mrefu kushuka. Tena kuna kipimo rahisi: hesabu katika sala yako adui umemtaja mara ngapi, na Mungu mara ngapi. Kama adui anaongoza, umekesha naye. La pili ni kahawa. Nusu ya nguvu yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa moja jioni na kashata yake, saa sita usiku nusu bado imo. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva ni hivyohivyo.

Jinamizi likija na yote hayo yamefanyika, usishindane nalo kwa mwili mzima. Kufurukuta bila kusogea ndiko kunakoleta hofu kubwa. Chagua kidole kimoja cha mguu ukisogeze hichohicho. Pumua kama pumzi inavyokuja, fupi, usiilazimishe. Omba moyoni. Hana, mama yake Samweli, aliomba sauti yake isisikiwe, na Warumi 8:26 inamtaja Roho akiomba kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo mdomo uliofungwa hauzuii kitu. Sentensi moja inatosha: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini wewe", Zaburi 56:3. Angalia haisemi "sitaogopa kamwe". Hofu ipo, na tumaini lipo humohumo.

Ukiachiwa, usirudi kulala papo hapo, maana huweza kurudi. Keti, weka miguu sakafuni, washa taa, kunywa maji, kaa dakika tano, kisha ulale kwa ubavu. Simu iache. Mwenzako wa chumbani mwambie mapema: akisikia unaguna na husogei, akuguse bega na kukuita jina, mara nyingi linakatika hapohapo. Na sauti za nje zipe majina yake. Mabati hulia yanapopoa usiku. Popo huangusha kokwa za matunda juu ya paa. Komba kwenye mwembe analia kama mtoto mchanga, na aliyepewa kazi ya kusikiliza wachawi atamsikia mtoto.

Mistari nayo inahitaji kutumiwa sawasawa. Ile hesabu kwamba "usiogope" imeandikwa mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka, si ya kweli. Kaa na itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoorodhesha kila neno na aya lilipo, uhesabu, haifiki. Neno moja la Mungu linatosha bila kulipambia. Na 2 Timotheo 1:7 inayotumika kufukuza "pepo la hofu", watafsiri wetu waliandika "roho ya woga", na walifanya vyema: Paulo anamwambia kijana asione haya kushuhudia, ndiyo aya inayofuata. Huyohuyo Paulo katika 2 Wakorintho 7:5 anakiri kwamba nje palikuwa na vita, ndani hofu. Kumwambia anayetetemeka usiku kwamba hofu yake ni dhambi ni kumwongezea hofu ya pili.

Mafuta ya upako je? Yakobo 5 inawaita wazee wa kanisa kwa mgonjwa, na hilo halina ubishi. Chupa ya chini ya mto ni jambo jingine. Jipime: ukienda msibani Kibaha ukaisahau nyumbani, utalala? Kama hapana, hiyo ni hirizi yenye lebo ya kanisa. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Hofu ikishapewa kitu cha kushika hukishika hivyo.

Kuna usiku usiohitaji mchungaji kwanza. Anayekoroma kwa nguvu kisha akakatika pumzi na kushtuka, anayesinzia mchana katikati ya mazungumzo, anayeamka ameng'ata ulimi au amejikojolea, anayewaza kujidhuru: hao waende hospitali, Amana, Temeke au Mwananyamala, au idara ya magonjwa ya akili Muhimbili. Anayewaza kujidhuru asiachwe peke yake hata usiku huo mmoja. Dawa nyingine huleta ndoto kali; efavirenz miongoni mwa ARV inajulikana kwa hilo. Dawa haiachwi kwa sababu ya ndoto, wala kwa neno la nabii. Rudi kliniki useme, zipo za kubadilishiwa.

Mkesha wa Ijumaa hatuufuti. Anayesumbuliwa na jinamizi aende mara moja kwa mwezi, si kila wiki, alale mchana kwa muda wa saa mbili kabla ya kwenda, na Jumamosi usiku arudi kwenye saa yake ileile ya kulala. Kiongozi wa maombi akiuliza kwa nini hakuonekana wiki iliyopita, ajibu kwamba alikuwa amelala.