Kabla hujawapeleka watoto bichi Dar, uliza mwezi ni wa ngapi

Jumapili ya mwezi mpevu, saa nne na nusu asubuhi, familia hushuka Coco Beach na kapu la chakula, mtoto mmoja mgongoni na wawili mbele wakikimbia na maboya yao. Mbele yao hakuna bahari. Kuna mawe meusi, mwani na madimbwi, na maji yenyewe yako kule mbali. Watoto hukaa juani saa nne nzima wakisubiri. Maji yanaporudi, hurudi kwa nguvu: mchanga wa kuchezea unakuwa ukanda mwembamba, mawimbi yanavunjikia juu, na mzazi ndiyo kwanza anaanza kuwakataza kuingia.

Siku hiyo haikuharibiwa na bahati mbaya. Bahari ina ratiba, na mzazi yeyote wa Dar anaweza kuijua bila kununua chochote. Bichi ndiyo sehemu ya michezo ya watoto iliyo kubwa kuliko zote mjini, na nyingi hazina kiingilio. Inastahili mtu akae nayo dakika tano za hesabu.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku ratiba hiyo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50, kwa kuwa mwezi nao huchelewa hivyo hivyo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hapa Dar huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na mikondo hulegea.

Sasa jambo ambalo wavuvi wa Kunduchi wanalijua kwa moyo: kwenye pwani ya Dar, siku za bamvu maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kila bamvu, mwaka mzima. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kuwa jedwali la maji. Mwezi 1 au mwezi 15, yaani tarehe 1 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, maji yamejaa saa kumi alasiri. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayofuata. Mwezi 5, kwa mfano, umeongeza siku nne, yaani saa 3 na dakika 20: maji yanajaa saa moja na kitu usiku, na yalikuwa yamepwa kabisa saa saba na kitu mchana. Hiyo ni siku mbaya ya kwenda kuogelea na watoto: maji mbali, jua utosini, mchanga unachoma nyayo.

Mwezi 8 mambo hubadilika. Maji yanajaa karibu saa nne asubuhi, na ni maji mafu, hayana fujo. Hapo ndipo pa kulenga: mwezi 8 hadi 10, na tena mwezi 23 hadi 25. Ukifika saa mbili na nusu asubuhi watoto wanaogelea maji yakiwa yanapanda polepole, na saa tano mnakunja vitu kabla jua halijakomaa. Miezi mingi hupata wikiendi moja au mbili za namna hiyo. Ningeziwekea alama kwenye kalenda mwanzoni mwa mwezi, kabla ya harusi na vikao kuzimaliza.

Hesabu hii inaweza kukosea kwa saa nzima, hasa pale mwandamo wa kalenda yako unapotofautiana kwa siku moja. Ikiwa mnavuka kwenda kisiwani, tazama jedwali la maji la Dar es Salaam kwenye simu. Kosa la kawaida hapo ni kusoma jedwali lililoandikwa kwa saa za kimataifa bila kuongeza saa tatu zetu. Anayekosea hivyo hufika maji yakiwa nusu na kudhani jedwali ni la uongo.

Jambo jingine la maji linahusu uhai. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa huongezeka kidogo sana, ya pili zaidi, ya tatu na ya nne ndizo zenye kasi, kisha hulegea tena. Nusu nzima ya kina huingia ndani ya hizo saa mbili za katikati. Siku ya bamvu hiyo ni mita moja na nusu, urefu unaompita mtoto wa darasa la tatu. Tena maji hayaji yakitokea mbele peke yake. Watoto wanapocheza juu ya fungu la mchanga au mwamba uliofichuka, bahari hutangulia kujaza bonde lililo nyuma yao, kati ya fungu na nchi kavu. Wao bado wamesimama pakavu, wanacheka, na njia ya kurudi imeshafika kifuani. Kwa hiyo wakitoka kwenda kwenye mawe, watoke maji yakiwa bado yanapwa, na warudi nchi kavu mara tu yanapogeuka. Utajua yamegeuka ukichomeka kijiti ukingoni mwa maji: kijiti kikizamishwa mguu, muda umekwisha.

Siku za bamvu nazo zina faida yake, nayo ni madimbwi. Kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi miamba ya Coco Beach na ya Kigamboni huwa na kaa, konokono wa bahari, samaki wadogo na viti vya pweza, wale wanyama wenye umbo la nyota. Huhitaji boya wala nguo ya kuogelea. Unahitaji viatu: raba kuukuu au kandambili zenye mkanda wa nyuma. Kandambili za kawaida huchomoka kwenye mwani. Watoto wafundishwe kutazama bila kuingiza mkono kwenye tundu, na wasiokote konokono wenye umbo la pia, kwa kuwa baadhi yao huchoma na sumu yao ni kali.

Kuhusu wapi pa kwenda. Coco Beach ni rahisi kufika na ina mihogo, lakini iko wazi kwa mawimbi, hasa upepo wa kusi unapovuma kati ya Juni na Septemba. Kwa wadogo ni mahali pa mchanga, mpira na kuloweka miguu. Fukwe za Mbezi Beach na Kunduchi zinakingwa na visiwa, kwa hiyo maji yake huwa matulivu zaidi. Kigamboni, ukipitia pantoni ya Magogoni, safari yenyewe ni sehemu ya matembezi: mtoto anaona meli kubwa zikiingia bandarini bila kulipia tiketi ya ziada. Mwenye gari na watoto wachanga afadhali apite daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, kuliko kukaa kwenye foleni ya pantoni ndani ya gari la moto.

Bongoyo na Mbudya ni visiwa vya hifadhi ya bahari, na kila mtu hulipia ada, wananchi chini ya wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Boti za Bongoyo huondokea Slipway, Msasani. Za Mbudya huondokea Kunduchi. Ufukwe wa kuogelea wa Bongoyo uko upande wa kaskazini magharibi, umeupa kusi mgongo, na ndiyo maana maji yake hubaki ya kijani na matulivu hata Julai. Beba maji ya kunywa ya siku nzima, na kubali boti ya kurudi ya mapema. Alasiri upepo huchangamka, na mtoto aliyechoka akitapika kwenye boti hatakubali kupanda tena mwaka mzima.

Kabla ya boti kuondoka, kagua jaketi la kuelea la kila mtoto. Mfunge, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa: ndani ya maji mtoto atachomoka kwa chini. Dai dogo zaidi, au lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Viboya vya kupuliza vya mikononi ni vya kuchezea tu.

Mvua ikinyesha kubwa, sahau kuogelea kwa siku tatu. Msimbazi humwaga uchafu wa mji karibu na daraja la Salenda, na mito ya Kawe, Mbezi na Tegeta hufanya hivyo hivyo upande wake. Maji yakiwa ya kahawia, ni majitaka. Matumbo na masikio ya watoto hayatakusamehe. Wikiendi kama hizo nendeni Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, ambako watoto huinama kuingia kwenye msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Uliza getini ngoma zinaanza saa ngapi. Au shukeni na mwendokasi hadi Kivukoni, mtembee mpaka Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaban Robert, kisha bustani ya mimea iliyo jirani, iliyoanzishwa 1893, penye kivuli kikubwa na tausi.

Vitu vya kubeba ni vichache, ila visikosekane. Maji ya kunywa, lita moja kwa kila mtoto kwa nusu siku. Kanga tatu: ya kivuli, ya kujifuta, na ya mlinzi, nitaieleza. Fulana za mikono mirefu, kwa kuwa mgongo huungua mtoto akiwa ameinamia mchanga, hata mweusi. Mtoto mwenye ualbino aende baada ya saa kumi alasiri, na kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Yale ya Kilisun yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, yametengenezwa kwa ajili yake hasa. Nguo za kuogelea ziwe za rangi ya chungwa au waridi kali. Bluu na nyeupe hupotea ndani ya maji. Mihogo na mishikaki agizeni bila pilipili kwanza. Muuzaji amezoea kuitia kabla hujafungua mdomo.

Kanga ya tatu ni ya zamu. Mtu mzima mmoja anaiweka begani, simu yake inaingia kwenye mkoba, na kwa dakika 20 kazi yake ni kutazama watoto tu. Akichoka anamvisha mwingine na kutamka: "Sasa ni wewe." Ajali nyingi hutokea watu wazima wakiwa sita, kila mmoja akiamini mwenzake anatazama. Fukwe nyingi za wazi hazina mlinzi wa maji, kwa hiyo mlinzi ni huyo mwenye kanga. Na ajue anachokitafuta: mtoto anayezama hapigi kelele. Kichwa kimelalia nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inabonyeza maji kama anayepanda ngazi. Inachukua chini ya dakika moja. Walio chini ya miaka mitano wasiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako.

Akikanyaga yule mnyama wa miiba mirefu myeusi anayejibana kwenye mawe, usichokonoe kwa sindano, miiba hukatika ndani. Toa ile inayoshikika kwa kibanio, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, uyajaribu kwanza kwa kiwiko chako, nusu saa hadi saa moja na nusu. Maumivu hupungua sana. Mwiba uliozama karibu na kiungo ni wa kupeleka hospitali. Akiguswa na yavuyavu, yule mnyama laini kama jeli anayeelea na kuwasha, suuza kwa maji ya bahari, wala si ya bomba, na usisugue kwa mchanga, kwa kuwa unapasua vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi.

La kuondokea: chukua dumu la lita 5, toboa kifuniko matundu matano kwa msumari wa moto, ulijaze nyumbani na uliache juani tangu asubuhi. Likipinduliwa ni bafu la maji ya uvuguvugu linalosuuza watoto wawili, kichwa kwanza. Mchanga wa miguuni usiusuuze wakiwa bado wanatembea ufukweni, utarudi. Waache wakauke, kisha uupukute kwa kanga kavu wakiwa wameshakaa kwenye kiti cha gari au cha daladala.