Kidole cha muuza vitumbua

Mama yule muuza vitumbua alikuwa na uvimbe upande wa ndani wa kidole cha shahada, mkubwa kama punje ya harage, mgumu, hauumi ila akishika upawa. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye chumba cha ultrasaundi. Nikaweka proba, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, nikaona kwenye skrini kitu cheusi cha duara. Maji huonekana meusi, basi nikaandika "uvimbe wa maji". Hata dakika tatu hazikuisha.

Baada ya wiki akarudi. Daktari alikuwa amechoma sindano ili ayanyonye hayo maji, halikutoka hata tone. "Mwanangu, humu ndani hakuna maji," aliniambia bila hasira, akininyooshea kidole chenye plasta. Iliniuma sana, maana alichomwa sindano ile kwa sababu ya nilichoandika mimi.

Nikampima upya. Kumbe mara ya kwanza nilikuwa nimeiacha mashine kwenye mpangilio wa shingo, kina cha sentimita 5, ilhali kidole chenyewe hakifiki 2. Nikapunguza kina, nikapandisha masafa ya mawimbi ya sauti hadi megahezi 15 ili picha ya karibu iwe safi, nikaulaza mkono wake juu ya mto. Jeli nikaimwaga ya kutosha, lundo zima, ili proba ielee juu yake na isiguse ngozi kwa nguvu. Hapo ndipo wengi tunapokosea: ukikandamiza, vimishipa vidogo vinabanwa, na Dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha kwa rangi damu inayotembea, haikuonyeshi kitu hata kama damu inapita.

Safari hii nikaona vidoa vyekundu ndani ya ule weusi. Maji hayana mishipa ya damu. Nikamwomba akunje kidole na kukikunjua polepole: kano ikateleza huku na huku, uvimbe ukabaki palepale, umeegemea ala ya kano, yaani ule mfuko mwembamba unaoizunguka kano. Nikaandika kwamba ni uvimbe wa nyama, huenda ule wa seli kubwa unaoota kwenye ala ya kano. Si saratani, lakini huweza kurudi hata baada ya kukatwa, kwa hiyo mpasuaji anapaswa kujua mapema umeenea hadi wapi. Ulitolewa, na maabara ikathibitisha.

Tangu siku hiyo sipimi mkono bila Dopla na bila kumwomba mgonjwa asogeze vidole. Uvimbe mwingi unaoletwa kwangu ni ganglioni, yaani kifuko chenye ute mzito, hasa mgongoni mwa kifundo cha mkono: kwenye skrini ni mweusi tii, hauna damu ndani, na mara nyingi una kimkia kinachoelekea kwenye kiungo. Huo nautambua haraka. Ukiwa upande wa kiganja, chini ya kidole gumba, naenda taratibu, kwa sababu huwa umelala ubavuni mwa ateri ileile tunayoipapasa kuhesabu mapigo. Hapo lazima nimwonyeshe daktari ateri iko wapi kabla hajagusa sindano.

Wakulima na maseremala nao nawauliza kama wamewahi kuchomwa na mwiba au kibanzi. Mti hauonekani vizuri kwenye eksirei. Kwenye ultrasaundi unang'aa kama mstari, una kivuli nyuma yake na weusi umeuzunguka.

Mama alipita tena kovu lilipopona. Akakunja ngumi mbele yangu, akaikunjua, akaikunja tena.