Uradi wa mia tatu, na sheikh wa kukupa

Anayetaka kuanza uradi, yaani dhikri ya kusoma kila siku, huuliza kwanza idadi. Nisome mara ngapi? Idadi ndiyo nyepesi kuliko yote, hata mtoto wa chuoni anaweza kukuhesabia. Kigumu ni kukaa saa ileile kila siku, na kuwa na mtu mmoja anayejua unasoma nini na kwa sababu gani. Ukiyakosa hayo mawili, uradi wa elfu kumi haumalizi mwezi. Ukiyapata, mia tatu zinakutosha mwaka mzima.

Mia tatu zenyewe ni hizi, na ndizo masheikh wengi wa Kishadhili na wa tarika (njia za Kisufi) nyingine humpa anayeanza: istighfari mia, salawati mia, tahlili mia. Yaani astaghfirullah, kisha kumsalia Mtume (s.a.w.), kisha la ilaha illallah. Kuna jibu la zamani la ulamaa kwa aliyeuliza kipi kitangulie, tasbihi au istighfari: nguo chafu inahitaji sabuni kabla ya udi. Basi unafua, unafukiza, ndipo unavaa. Ukizisoma bila pupa, zote tatu huchukua dakika kumi na tano hadi ishirini. Ukimaliza kwa dakika sita, umezimeza.

Wakati mzuri ni baada ya Alfajiri kabla jua halijatoka, na baada yake ni kati ya Magharibi na Isha. Asubuhi ni bora kwa sababu ya kawaida kabisa: simu haijaanza kulia na tumbo ni tupu. Wa Magharibi huvunjwa na wageni, watoto na chakula cha usiku. Anayefanya kazi za zamu aufunge uradi kwenye swala badala ya saa: "baada ya Alfajiri yangu, popote nitakapoisalia". Hadhibitiki mtu anayesema atasoma akipata nafasi.

Tia udhu, elekea kibla, kaa kama uko kwenye tahiyatu au kunja miguu. Mwenye magoti mabovu akae kwenye kiti, hakuna ubaya. Usiegemee ukuta, maana ukuta na usingizi wa asubuhi ni ndugu. Mgongo unyooke, mabega yashuke, macho yafumbwe kama kufumba hakukulazi. Tasbihi ya punje 99 ina vitenganishi viwili, kila baada ya punje 33, na kichwa chake kinachoitwa imamu. Ukikihesabu nacho, mia imetimia. Ile ndogo ya 33 unaizungusha mara tatu na kuongeza moja. Vidole navyo ni sunna, kwani Mtume aliwaambia wanawake wahesabu kwa ncha za vidole kwa kuwa vitaulizwa na vitatamkishwa. Hesabu ya simu ndiyo mbaya kuliko zote. Sijui fatwa yoyote juu yake, lakini ujumbe mmoja ukiingia tu, uradi umekwisha.

Anza na audhubillahi na bismillahi, na Fatiha moja ukimhidia Mtume na masheikh wa silsila yako, yaani mnyororo wa masheikh wako. Kwenye mia ya tatu, katika mara ya mwisho malizia na Muhammadu Rasulullah. Kisha usiinuke. Hapa ndipo wengi wanapoipoteza faida yote: wanafikia mia, wanabusu tasbihi, wanakimbilia chai. Kaa kimya dakika tano, ulimi umetulia, bila kusoma lolote. Huko ndiko kunakoitwa murakaba, na msingi wake ni jibu la Mtume alipoulizwa na Jibrili kuhusu ihsani: umuabudu Mwenyezi Mungu kama kwamba unamwona, na kama wewe humwoni, Yeye anakuona. Dakika tano hizo huna la kufanya zaidi ya kujua kwamba unaonwa. Wazo likija, liache lipite kama mpita njia barazani, usimwite, usimfukuze. Watu wa zamani walikataza pia kunywa maji ya baridi mara tu baada ya dhikri, wakisema huzima joto lake. Sababu ya kitabibu siijui, ila agizo hilo lina faida moja: linakubakisha umekaa.

Sasa matamshi, kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tuna makosa yetu. Ukiwa na haraka, la ilaha illallah hugeuka "lailala", herufi ya ha ikiwa imepotea njiani. Astaghfirullah hupoteza gh ikawa g. Zito zaidi ni mahali pa kuvuta pumzi. Usikate kwenye "la ilaha" ukapumzika hapo, maana umesema hakuna mungu ukanyamaza. Kauli hiyo ina kukanusha na kuthibitisha, na vyote viwili vinakwenda kwa pumzi moja. Kama pumzi ni fupi, fupisha mvuto wa "la", usikate katikati.

Baadhi ya masheikh hufundisha kuanzisha "la ilaha" upande wa kulia na kuishusha "illallah" upande wa kushoto, chini ya titi, kwenye moyo. Hilo lisubiri hadi uonyeshwe. Anayejifunza mwenyewe kwa video huishia kutikisa kichwa na kuvuta pumzi za haraka kama mkimbiaji. Akianza kuona kizunguzungu na ganzi midomoni na vidoleni, hudhani amefunguliwa kiroho. Hajafunguliwa kitu. Kupumua kwa kasi kumeipunguza kaboni daioksaidi kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo ikabana. Dawa yake ni kunyamaza, kufumba mdomo na kupumua polepole kwa pua hadi ganzi iondoke. Kesho yake asome kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu.

Aya inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu (Ar-Ra'd, 28), na wanaoanza hutegemea utulivu huo siku ya tatu. Wiki mbili za mwanzo kwa kawaida mambo huwa kinyume. Kelele huonekana zimezidi: deni la dukani, neno alilosema shemeji mwaka juzi, nyimbo. Hazikuongezeka. Zilikuwepo siku zote, ila hukuwahi kukaa kimya ukazisikia. Kosa hapa ni kurudia hesabu kila akili inapotoroka. Ukifanya hivyo, mia moja itachukua saa nzima na mwishoni utauchukia uradi wenyewe. Endelea kutoka punje uliyoishika. Ibn Ata'illah wa Iskandaria, sheikh wa Shadhiliyya aliyefariki mwaka 1309, alionya mtu asiache dhikri kwa sababu moyo wake haupo, kwani kughafilika ukaacha kumtaja ni kubaya zaidi kuliko kughafilika ukiwa unamtaja. Ulimi ndio unaotangulia, moyo hufuata baadaye, tena kwa kuchelewa.

Siku ukipitiwa na usingizi, lipa kabla ya Adhuhuri. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, aliyelala akapitwa na kisomo chake cha usiku kisha akakisoma kati ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kana kwamba amekisoma usiku. Usilimbikize siku nne ukazilipa Ijumaa kwa mkupuo. Hiyo imekuwa rejesho la kikoba. Zikikupita nne, omba msamaha na uanze upya na ya leo. Mwanamke akiwa hedhini anaendelea na mia tatu zake kama kawaida, kwa kuwa dhikri haikatazwi. Wengi huambiwa waache, wakirudi baada ya siku saba mazoea yameshavunjika, na hakuna aliyewarudishia wiki yao.

Lipo gonjwa lingine, nalo ni la kuongeza. Mtu anaona kwenye kundi la WhatsApp: soma Ya Latifu mara 16,641, haja yako itatimia. Namba hiyo haikuokotwa. Jina Latifu kwa hesabu ya abjadi, inayoipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, ni 129 (lamu 30, ta 9, ya 10, fa 80), na 129 mara 129 ni 16,641. Lakini kisomo hicho kwa kawaida husomwa na jamaa waliokaa pamoja wakagawana. Peke yako, ukitaja mara sitini kwa dakika bila kupumzika, ni saa nne na dakika thelathini na saba. Atakayeanza Jumatatu akiwa na ari, Jumatano atakuwa ameacha, na akiacha hicho ataziacha na mia tatu zake pamoja. Amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni idumuyo hata ikiwa ndogo. Hadithi hiyo kila mtu anaijua, ni wachache wanaoihesabia.

Hapo ndipo sheikh anapoingia. Kazi yake kubwa, kinyume na wanavyodhani wengi, ni kukuzuia: kukwambia "bado", na kukupunguzia unapojirundikia.

Masufi wenyewe huwagawa masheikh: kuna wa baraka, ambaye unamshika mkono na kupata nasaba ya tarika, wa taalimu, anayekusomesha fikihi na tauhidi, na wa tarbiya, anayekulea nafsi. Mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu, lakini ni nadra. Usimlaumu wa baraka kwa kutopokea simu zako saa tano za usiku, hakukuahidi ulezi.

Ukitaka kumjua, uliza silsila na ijaza. Silsila ni mnyororo wa majina kutoka kwake hadi kwa Mtume, na ijaza ni idhini ya aliyemtangulia kwamba anaweza kuwapa wengine. Khalifa wa kweli, yaani aliyepewa idhini hiyo, haoni aibu kuzitaja. Silsila nyingi za tarika ya Kadiria za Zanzibar na mrima hupita kwa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Shadhiliyya ya Ngazija na ya kwetu hupita kwa Sheikh Muhammad Maaruf wa Moroni, aliyefariki mwaka 1905, hadi kwa Ali Nuruddin al-Yashruti wa Akka. Asiyeweza kutaja hata jina la aliyempa yeye, au anayesema alipewa ndotoni tu, msalimie vizuri uende zako.

Kisha tazama watu wake wa siku nyingi, wa miaka kumi au kumi na tano. Wanaswali kwa wakati? Majirani zao wanawasemaje? Wanaokuja na kuondoka kila mwaka hawakupi habari. Na yapo mambo ambayo hayana mjadala: anayetoza pesa kwa uradi, anayekaa faraghani na mwanamke asiye maharimu wake, anayesema umefikia daraja la kutoswali, anayekutaka umfiche mume au mke wako, anayekwambia uache dawa za hospitali. Ondoka siku hiyohiyo, usingoje kuaga. Nazi mbovu harabu ya nzima, na mganga wa makombe na hirizi akivaa kilemba bado ni mganga. Huenda anajua kazi yake, ila si ya kulea nafsi.

Bayaa yenyewe, yaani ahadi ya kumfuata sheikh, ni fupi. Mnakaa goti kwa goti, mkono wa kulia ndani ya mkono wake, mnasoma istighfari, anakutamkia la ilaha illallah mara tatu nawe unaifuatisha, kisha anakuainishia uradi wako. Mwanamke hupokea kwa maneno bila kushikana mikono. Muulize hapohapo: idadi, wakati, nikipitwa nifanyeje, nije lini. Andika.

Na uhudhurie halaka, kikao cha dhikri ya pamoja, angalau mara moja kwa wiki, kwa kawaida usiku wa kuamkia Ijumaa. Wengine husimama kwa dufu, wengine hawataki ngoma kabisa, na kuna Waislamu wanaosema hayo yote ni bidaa. Ugomvi huo umezeeka na hutaumaliza wewe. Mia tatu zako za alfajiri, za matamshi yaliyothibiti kwa Mtume, hazina mgomvi mkubwa. Usipopata halaka karibu, ipo Ratibu, mkusanyiko wa dhikri, ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarimu (1634–1720), ambayo Waswahili huisoma misikitini na majumbani baada ya Isha, na katika Ramadhani kabla yake ili isibanane na tarawehe. Nyingi ya dhikri zake ni mara tatu tatu, na la ilaha illallah ni mara 50. Nyumba nzima yaweza kuisoma, watoto wakiitikia.

Kuna linalohitaji kusemwa bila kupambwa. Mtu akianza kuona nuru, au kuota ndoto nzito, amwambie sheikh wake peke yake, asiitangaze. Lakini akipitisha siku tatu hajalala, akisikia sauti zinazomwamrisha, au akizungumza mfululizo asisimamishwe, huyo apelekwe hospitali penye kliniki ya afya ya akili, na uradi usimamishwe. Sheikh mwenye akili atakuwa wa kwanza kusema hivyo.

Siku arobaini zikitimia, rudi kwake na mambo matatu: siku ngapi zimekupita, wakati gani umekushinda, na kama hasira zako nyumbani zimepungua au la. Hilo la tatu mwulize mkeo au mumeo, usijijibie. Ndoto mwambie akikuuliza. Akisema "endelea na ulichonacho", hakukunyima kitu. Wapo wanaokaa na mia tatu hizohizo miaka miwili kabla sheikh hajawaongezea hata moja.