Amplifaya ya setilaiti: anza na joto

Chipu ya amplifaya, yaani kikuza nguvu, inayorusha mawimbi kutoka setilaiti kuja ardhini, tuseme kwenye gigahezi 17 hadi 20, haina hewa ya kuipoza. Joto lake lote hupita chini, kwenye bamba la chuma lililoibeba. Ndiyo maana hesabu ya joto hutangulia mchoro.

Tuseme unataka wati 10 na gain (kiwango cha ukuzaji) ya desibeli 20, yaani mara 100, hivyo unaingiza wati 0.1. Ufanisi, yaani sehemu ya umeme unaoliwa inayogeuka nguvu iliyoongezwa kwenye mawimbi, ukiwa asilimia 30, chipu inakula wati 33 na wati 23 zinageuka joto. Ukiufikisha asilimia 40, inakula chini ya 25 na joto linabaki kama 15. Bamba likiwa nyuzi 85 na kikomo ulichojiwekea ndani ya transista ni nyuzi 160, una nyuzi 75 tu za kutumia. Katika hali ya kwanza kila wati isipandishe zaidi ya nyuzi 3.2, katika ya pili unaruhusiwa 5. Hapo ndipo galiamu naitraidi, mada ya kutengenezea transista, ikiwekwa juu ya msingi wa silikoni kabaidi inapostahili gharama yake, kwa sababu kabaidi hupitisha joto vizuri kuliko silikoni tupu.

Usanifu wenyewe huanzia mwisho kurudi mwanzo. Chagua kwanza transista za hatua ya mwisho na mzigo wa umeme upande wa kutokea unaozipa ufanisi bora, halafu mtandao wa kuunganisha nguvu zao. Mtandao huu ndio unaoamua mambo: ukipoteza desibeli 0.5 tu, asilimia 11 ya nguvu imekwenda, na ule ufanisi wa 40 umeshuka chini ya 36. Upotevu huohuo kwenye mlango wa kuingilia karibu hauonekani. Kwa hiyo fanya njia za mwisho ziwe fupi na pana, hata kama ulinganifu wa masafa utapungua kidogo.

Tatizo linalowakamata wengi ni mtetemo kati ya transista mbili zilizo sambamba, moja ikipanda nyingine ikishuka. Ukipima mlango wa kuingilia na wa kutokea peke yake hutauona, maana pande mbili zinafutana. Weka rezista ndogo kati ya mageti (miguu ya transista inayopokea mawimbi), na kati ya madreini (miguu yanakotokea) pia, kisha kagua kila kitanzi cha ndani. Katika hali ya kawaida rezista hizo hazipitishi mkondo, hivyo hazili ufanisi.

Kwenye kuchomelea chipu juu ya bamba kwa mchanganyiko wa dhahabu na bati, unaoyeyuka nyuzi 280, tafuta kwa eksirei mapovu yanayozuia joto kupita. Povu dogo pembezoni linavumilika. Likiwa chini ya transista za mwisho, chipu hiyo isiende angani.

Wakati wa kupima, volti hasi ya geti iingie kwanza, dreini ifuate. Ukizima, dreini itangulie. Ukigeuza mpangilio, transista hufunguka kabisa na mkondo huiunguza.