Kibonge cha udongo kilichoniokoa na nyufa

Kandiko langu la kwanza lilidumu siku tatu. Siku ya nne baba mdogo alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akasema, "Mwanangu, umetuchorea ramani ya mito yote ya Tanzania." Nyufa zilikuwa kila mahali. Nyingine zilipitisha kidole.

Ni tembe la babu, nyumba ya fito na udongo yenye paa bapa la udongo, huko Chamwino. Mvua zilikuwa zimeangusha ukuta wa chumba cha nafaka, nami nikajitwika kuusimamisha tena, maana chuoni nilisoma akiolojia na nilidhani udongo naujua. Baba mdogo hakuwa na la kunisaidia sana. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha akiwa mtoto, babu akarudi baadaye kujenga, na waliokuwa wakikandika wote wameshazikwa. Alichokumbuka ni kimoja tu: "Kulikuwa na makapi, nadhani."

Kosa langu lilikuwa udongo wa mbuga. Ni mweusi, unanata vizuri mkononi, nikaona huu ndio wenyewe. Lakini udongo ule huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na usipokuwa na kitu cha kuushikilia ndani, utapasuka tu.

Jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Upande wa jiko uliwahi kuungua zamani, na kwenye kifusi kulikuwa na vibonge vigumu kama tofali la kuchoma. Katika uchimbaji, hivi ndivyo vitu tunavyovitafuta kwenye makazi ya wakulima wa mwanzo. Ukuta wa fito na udongo ukiachwa, mvua huurudisha kuwa ardhi, na mchimbaji anaweza kuupita asiujue. Ukiungua, unabaki. Yaani nyumba iliyopata msiba wa moto ndiyo inayokuja kusimuliwa.

Nilichukua kibonge kimoja chenye ukubwa wa ngumi. Upande mmoja kilikuwa na mifereji miwili iliyolala sambamba, alama za fito, na kati yake mkunjo mdogo wa kamba ya gome. Rangi yake nyekundu sikuitilia maanani, kwa sababu moto hubadilisha chuma kilichomo kwenye udongo, hata wa kahawia ukawa mwekundu. Nikakivunja. Ndani kulikuwa na punje za mchanga nyingi kuliko nilivyotegemea, na vitundu vyembamba vilivyoachwa na majani yaliyoteketea. Nikakandamiza donge la unga wa chapati kwenye kitundu kimoja kipana (wataalamu humimina mpira wa silikoni, mimi nilikuwa na chapati). Lilitoka na umbo la ganda la mtama, lenye mgongo wa mviringo.

Hapo nilicheka peke yangu. Mashariki mwa Sudani, vigae vya vyungu vyenye umri wa zaidi ya miaka 5,000 vilifinyangwa kwa udongo uliochanganywa makapi ya mtama, na ni alama za makapi hayo zilizoonyesha kuwa mtama ulikuwa umeanza kubadilika kwa kulimwa. Mfinyanzi alitaka chungu kisipasuke tu. Na babu alitaka ukuta.

Udongo wa mbuga nikauacha, nikachimba wa kichuguu. Niliweka kidogo kwenye chupa ya lita moja, nikaongeza maji na chumvi kidogo, nikatikisa na kuiacha hadi kesho yake. Mchanga hutua kwanza, udongo wa mfinyanzi, ule laini unaonata, hutua mwisho kabisa juu. Wetu ulikuwa na udongo wa mfinyanzi mwingi mno, kwa hiyo nikachanganya debe mbili za udongo na debe moja ya mchanga wa korongoni, debe moja ya makapi, na samadi kiasi. Nikauloweka siku tatu. Ulinuka kama zizi baada ya mvua, watoto wakakataa kupita karibu.

Kabla ya kukandika niliweka viraka vitano vya majaribio nyuma ya nyumba, kila kimoja na kipimo chake. Kiraka chenye makapi machache kilipasuka, chenye makapi mengi mno kilimomonyoka nikikisugua kwa kiganja. Cha tatu kilikaa.

Jambo jingine nililibeba kutoka Uturuki, Çatalhöyük, kijiji cha wakulima cha takriban miaka 9,000 iliyopita. Kuta za nyumba zake zilipakwa upya tena na tena kwa matabaka membamba, mengine yakafika mamia. Mara ya kwanza mimi nilibandika unene wa vidole vinne kwa mkupuo mmoja. Safari hii nilipaka mkono wa kwanza, nikaukwaruza kwa kijiti ungali mbichi ili wa pili ushike, nikasubiri.

Ukuta umepita msimu mmoja wa mvua. Kuna ufa mmoja karibu na mlango, na baba mdogo huuonyesha kwa kila mgeni. Paa bado hatujaligusa. Udongo wa paa la tembe ni mzito, na miti ya kuubeba siku hizi hukati tu porini kama zamani. Tunaendelea kuulizia bei.