Mita thelathini za shangazi

Mbele ya nyumba ninayoijenga hapa Malindi kuna fungu la mchanga limefunikwa turubai. Ni mchanga wa mto Sabaki, tripu ya nne. Fundi wangu hataki mwingine. Huuchota, akaufinya kiganjani, ukichuruzika bila kumwachia tope uso unamkunjuka. Wa baharini una chumvi, asema, plasta itabanduka kabla ya mwaka, nami sina pesa za kupiga plasta mara mbili.

Nimelitaja fungu hili mapema nisije nikajifanya mtu safi katika maneno yanayofuata.

Jumamosi nilivuka daraja kwenda kwa shangazi, dada yake marehemu baba, mwenye kashamba ukingoni mwa mto. Kulikuwa na kikao chini ya mwarobaini. Kijana wa kikundi cha kuhifadhi mlango wa Sabaki alikuja na ramani, na kusema kweli alizungumza vizuri, hakutudharau. Alieleza kwamba pale mto unapoingia baharini ni mahali pa ndege panapojulikana dunia nzima. Msimu wa kusi huja maelfu ya ndege wadogo wa kahawia kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakatua kwenye vilima vya mchanga. Kaskazi nayo ikianza, wanashuka wengine waliokimbia baridi ya Ulaya. Heroe nao wapo, membe, shakwe. Wazee walitikisa kichwa kukubali, maana ndege hao wamewaona tangu utotoni, ila hawakujua kuwa wana paspoti.

Kisha akafika kwenye mita. Kanuni za maji, alisema, zinataka ukingo uachwe bila kulimwa, kati ya mita 6 na 30 kila upande.

"Zinahesabiwa kuanzia wapi, baba?" shangazi akauliza.

"Kuanzia pale mafuriko makubwa zaidi yalipofika."

Watu wakaangua kicheko, mimi nikiwemo. Mwaka 1997, mvua za El Niño, maji yaliupita mwembe wa babu yakaingia zizini. Ukianzia hapo, mita 30 zinaishia nyuma ya choo cha shangazi. Bamia zote, mchicha wote, kunde, migomba, pampu ya petroli anayoikodi kwa zamu na jirani: vyote vimo ndani ya mto, kisheria. Na hana pa kurudi nyuma. Rutuba ni ile ya tope jekundu linaloletwa na maji yenyewe. Ukipanda juu kidogo ni mchanga na miiba, mahindi ya huko ni ya kumwomba Mungu.

Tena yeye ndiye anayekesha na viboko. Usiku huwasha moto na kupiga debe, na wakimshinda asubuhi anakuta shamba limefyekwa kama limepitiwa na trekta. Fomu ya fidia aliijaza zamani. Sasa huitaja kama mtu anavyomtaja jamaa aliyekwenda Uarabuni asiandike.

Nilirudi na boda nikiwaza lile tope, kwa sababu nina historia nalo. Nilikaa mapokezi ya hoteli moja hapa mjini miaka sita. Kila kaskazi, msimu wa wageni wenyewe, mkondo huyasukuma maji ya Sabaki kusini mpaka ghuba ya Malindi, bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa. Wageni walikuwa wakija kaunta kuniuliza kama ni maji ya choo. Kusi likivuma tope huelekea kaskazini, bahari yetu ikasafika, lakini wageni wakati huo hawapo. Ufuo nao umepanuka mno: kuna nyumba zilizojengwa maji yakiwa mbele ya uwanja, leo mwenyewe akitaka kuoga avae viatu atembee.

Hilo tope si la shangazi. Sabaki ni jina la mkia tu. Juu unaitwa Athi, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, na taka za mto Nairobi humo humo. Wataalamu walitoboa tumbawe kubwa katika hifadhi yetu ya bahari wakalisoma tabaka kwa tabaka, kama daftari la deni, takriban miaka 300 nyuma. Udongo unaonekana kuongezeka mapema karne ya 20, wakoloni walipobadilisha kilimo cha bara. Hifadhi ikatangazwa 1968. Mishipi na nyavu zikapigwa marufuku, tope hakuna aliyelikataza.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Tope hilo linalofunika matumbawe ndilo linalowalisha ndege wa yule kijana maji yanapokupwa. Ndilo la kamba wa baharini, na mikoko inapata pa kushika. Bwawa la Thwake kule Makueni likianza kukamata udongo, huenda matumbawe yakashukuru na ndege wakalalamika. Kila mtu akisema "tulinde mto" ana mto wake kichwani. Wa hoteli anataka maji ya buluu, wa darubini anataka matope, na sisi wa mjini tunataka bomba la Baricho, linalotuletea maji ya mto huu huu, lisikauke.

Na mchanga? Mwana wa shangazi ni kijana wa beleshi, hupakia tipa. Ada ya wadogo zake hutoka humo. Tipa hizo hizo zimeukata ukingo upande wa chini, mvua ya mwisho migomba minne ya mama yake ikaanguka majini. Wanakula pamoja jioni na hawalizungumzi.

Maoni yangu, mwenye kukasirika akasirike: mita 6 shangazi anaweza kuzitoa, apande mianzi na matete, na mwenyewe alikubali pale pale mbele ya watu. Tipa ziondolewe karibu na mlango wa mto kabla mtu hajagusa mche wa bamia. Lakini mita 30 kutoka kwa mjane ilhali vilima vya bara vinateremka kila masika, hapana. Kijana aliandika hayo kwenye daftari lake. Shangazi alimfungia mchicha wa kwenda nao, akamuuliza kama wenzake wa kule juu nao wana ramani.

Fundi amepiga simu mara tatu leo. Anataka tripu mbili amalizie vyumba vya nyuma. Sijashika.