Nilivyoweza kuzitofautisha jeti zinazotua Songwe

Nianze na ushauri mbovu, maana ndio ulionichelewesha. Ukifika kwenye maegesho ya teksi pale Uwanja wa Ndege wa Songwe, Mbeya, utaambiwa ndege yenye madirisha mengi ni Airbus, yenye madirisha machache ni Bombardier, na ukishindwa kabisa tazama rangi. Rangi! Rangi ni ya shirika, haisemi lolote kuhusu kiwanda. Ndege ya kukodi inaweza kupakwa rangi za mashirika manne na ikabaki ndege ileile.

Mimi naendesha Noah kati ya uwanjani, Mbalizi na mjini Mbeya, mara mojamoja Tukuyu mteja akiwa ameshiba hela. Kazi yetu ni kusubiri, na kwenye kusubiri ndiko ubishi unakozaliwa. Tangu uwanja ufunguliwe Desemba 2012 tumeona jeti za aina tatu zinazochanganya watu: shirika la Fastjet walikuja na Airbus A319, mwaka 2016 wakaingiza Embraer 190, na walipokoma kuruka tukazoea Airbus A220-300 za Air Tanzania, zilizoanza kupokelewa nchini Desemba 2018. Zote zina injini mbili chini ya mabawa. Ukiwa mbali, na jua la saa nane machoni, utaapa ni ndege moja.

Huo ushauri wa madirisha niliufuata kwa moyo wote. Nilisimama kando ya Noah na kidole hewani nikihesabu: kumi, kumi na moja, ndege imeshagusa chini, kumi na tisa, injini imeziba, nikirudi kuhesabu tena imeshageuza pua na inanitazama usoni. Wenzangu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Siku nyingine nikaona nitumie akili, nikarekodi video ya mwendo wa polepole, nikaipeleka nyumbani nihesabu kwa raha zangu. Mke wangu akauliza nahesabu nini usiku huu, nikamjibu madirisha ya ndege, akazima taa. Na hata ukipata hesabu haikusaidii kitu. Embraer 190 ina urefu wa mita 36.24, A319 ina mita 33.84. Yaani Embraer, inayodhaniwa ndogo, ndiyo ndefu, ila ni nyembamba. Aliyebuni kanuni ya madirisha hakuwahi kusimama kando ya hizo mbili.

Kilichonifungua macho ni abiria wenyewe, na hapa najisifu kidogo kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Embraer zote za 170 hadi 195 zina siti mbili kushoto na mbili kulia, hakuna anayekaa katikati. A319 ni tatu kwa tatu. A220 ni mbili kushoto, tatu kulia. Basi nikawa napakia mabegi huku nauliza kwa upole, "Pole na safari mama, hukubanwa sana humo ndani?" Watu wanapenda kulalamika kuhusu siti, wala huhitaji kuwabembeleza. Mama mmoja wa Rungwe alinihadithia kuanzia Dar mpaka tunaingia Mbalizi: yeye dirishani, katikati kijana aliyelala mdomo wazi, pembeni baba wa Kyela aliyekuwa anasali, "na wale wa upande wa pili wamekaa wawili tu wanajinyoosha, mwe!" Kesi imekwisha: A220. Nikamwambia ndaga fijo, naye hakujua namshukuru kwa lipi.

Baada ya hapo nikanunua darubini ya mtumba Mwanjelwa, elfu thelathini na kitu, ikawa rahisi. Usianze na mkia, anza na uso. Chumba cha rubani cha A319 kina vioo sita. Cha Embraer na cha A220 vina vinne, vikubwa. Ukishaitoa A319 kwa njia hiyo, shuka kwenye injini. Feni ya A220 ina kipenyo cha inchi 73, ya Embraer 190 ina inchi 53, kwa hiyo injini ya A220 inaonekana imezidi mwili. Na ikija kutua, ukisikia mlio kama ng'ombe anayeita ndama, huna haja hata ya kuinua kichwa. (Usiikaribie senyenge na darubini wala simu. Askari wa uwanja hawana muda wa kusikiliza maelezo ya feni.)

Ubishi mkubwa kabisa haukuwa wa sura, ulikuwa wa jina. Kijiweni kuna mzee tunamheshimu, ameshika usukani tangu enzi za Peugeot 504. Akasema hii A220 ni Bombardier. Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo ni Airbus, imeandikwa ubavuni." Tukawekeana supu. Kesho yake akaja na mjukuu wake mwenye simu yenye ile programu ya kufuatilia ndege, akaibofya ndege ikiwa bado angani, ikatokea aina yake: BCS3. "B hiyo ni ya bibi yako?" Kijiwe kizima kikashangilia.

Mimi nilikuwa na karata yangu. Mteja wangu mmoja, mnunuzi wa kahawa wa Mbozi, nilimwomba akipanda tena anipigie picha kile kikadi cha usalama kinachokaa mfukoni mwa siti. Picha ikaja: A220-300. Mzee akaitazama, akasema mtoto kubadilishwa jina hakumbadilishii ukoo. Nami nikaona nisimuache anishinde kwa methali, nikasoma usiku kucha kwa kifurushi cha buku.

Wote tulikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kushindwa. Ndege hii ilibuniwa na Bombardier wa Kanada. Mwanzo kabisa iliitwa C110 na C130, ingawa C130 ni jina ambalo dunia nzima inalijua kama dege la mizigo la jeshi. Baadaye zikawa CS100 na CS300. CS100 iliruka mara ya kwanza Septemba 2013. Gharama zikaielemea kampuni, Boeing nao wakaishitaki kampuni hiyo huko Marekani, na Julai 2018 Airbus wakachukua sehemu kubwa ya mradi na kuibatiza A220. Ndiyo maana serikali yetu iliagiza CS300 na tukapokea A220. Lakini kwenye vyeti vya kuidhinisha aina ya ndege bado inaitwa BD-500-1A11, na waongoza ndege wanaiandika BCS3. Kijiwe kikaamua mzee alipe supu, mimi nilipe chapati.

Embraer wa Brazili nao nusura yawakute. Boeing walikubaliana nao kuchukua upande wa ndege za abiria, mpango ukavunjika Aprili 2020. Leo labda tungekuwa tunabishana kuhusu Boeing ya Brazili. Kwenye vyeti 190 ni ERJ 190-100, na hiyo ERJ inawapoteza wengi, maana ERJ 145 ni kitu kingine kabisa: kijiti chembamba, injini mkiani, siti moja upande huu na mbili upande ule.

Hizo za injini mkiani nilizikuta Dar, nilipofuata gari bandarini nikalala kwa shemeji Kipawa. Uganda Airlines na RwandAir wanazo CRJ900, jeti ndogo za safari fupi. Hapo sikuhangaika na uso, nilitazama milango ya dharura juu ya bawa: CRJ700 ina mmoja kila upande, CRJ900 ina miwili. Dawa hiyohiyo inatibu Embraer: 170 na 175 hazina mlango juu ya bawa, 190 na 195 zinao. CRJ nayo imehama nyumba. Ilizaliwa kwa jina la Canadair, kampuni ambayo Bombardier walishainunua mwaka 1986, na mwaka 2020 mradi ukaenda kwa Mitsubishi wa Japani.

Ndege za pangaboi, yaani za propela, sizisemei sana. Dash 8 miguu yake mirefu inashuka kutoka kwenye injini, ATR miguu mifupi inatokea tumboni. Hizo hata dogo anayetuoshea magari anazijua.